Picha ya Tingatinga au kinyago cha Kimakonde: kipi kitakufunza kutazama?

Mpwa wangu ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Mwanzoni mwa mwaka alinipigia simu, akiwa na fedha kidogo na swali lisilolingana na fedha zenyewe. "Shikamoo mjomba. Nataka kitu kimoja cha sanaa nikiweke darasani. Si pambo. Nataka kitu ambacho watoto wakikaa nacho mwaka mzima watajifunza kutazama. Ninunue picha ya Tingatinga au kinyago cha Kimakonde?"

Nilimwambia anipe siku mbili nimwandikie. Zilikuwa wiki mbili. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyarefusha kidogo kwa ajili ya mtu mwingine yeyote aliyesimama Mwenge kwenye vinyago au Oysterbay kwenye picha, huko Dar es Salaam, pesa mkononi, hajui ageukie wapi. Mimi si msanii wala muuza sanaa. Nimeishi na vyote viwili nyumbani kwa miaka mingi, na kimoja kati ya nilivyonunua kilikuwa feki. Nitafika huko.

Kosa la kwanza ni kudhani kimoja ni cha kale

Watu wengi huanza na mgawanyo huu: kinyago ni mila, picha ni biashara ya watalii. Ukishaamini hivyo umechagua kabla hujatazama. Vile vinyago vya mpingo vinavyojaa kwenye mabanda, nguzo za watu waliopandiana mabegani na mashetani yenye jicho moja na masikio yaliyogeuka miguu, ni mitindo iliyoshika kasi tangu miaka ya 1950. Picha za Tingatinga zilianza 1968. Hazipishani hata kwa umri wa mtu mzima mmoja.

Tena zimetoka upande mmoja wa nchi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye picha hizo zimechukua jina lake, alizaliwa 1932 wilayani Tunduru. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Mzungu na vibarua vya kila namna kabla hajashika brashi. Wamakonde nao, wa Newala na wale waliovuka Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, walifuata mkonge huohuo, na vita vya ukombozi vilipoanza 1964 wengine wakaja wakikimbia. Waliofika mjini na patasi walikuta wanunuzi, hasa wageni, na wafanyabiashara kama Mohamed Peera aliyekuwa na duka katikati ya jiji. Picha za Tingatinga nazo zilikuwa zikiuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali Wazungu walipokuwa wakinunulia mboga.

Kwa hiyo vyote viwili vimezaliwa kwa ajili ya mfuko wa mtu baki. Sioni aibu hapo. Mnunuzi alitaka kitu cha ajabu cha kupeleka kwao. Aliyekitengeneza alitia ndani yake anachokijua kuhusu chui, kuhusu mama yake, kuhusu vitu vinavyokaa porini usiku. Mnunuzi hakuulizia hayo, lakini yamo.

Kuongeza na kupunguza

Kama nafasi ingekuwa ya kueleza tofauti moja tu, ningeeleza hii.

Mchoraji anaongeza. Tingatinga alichukua mbao nyembamba zilizokuwa zikitumika kwenye dari, akazikata mraba wa karibu sentimita sitini, akapaka rangi za mafuta zinazong'aa, zilezile za kupakia baiskeli. Hakuwa na nyingine, na hizo zilipatikana dukani. Kwanza unapaka ubao wote rangi moja, unausubiri ukauke. Kisha unamweka mnyama. Kisha madoadoa, kisha macho. Rangi ya baiskeli haipendi kuchanganywa juu ya ubao; nyekundu ikikutana na nyeupe inabaki nyekundu kando ya nyeupe. Ndiyo maana picha hizo zina mipaka mikali, na ndiyo maana kivuli hakuna. Wapo walioandika juu ya mtindo huo kana kwamba ni falsafa nzito. Mimi naona nusu yake ni falsafa na nusu ni kopo la rangi. Ukikosea, subiri ikauke, paka juu.

Mchongaji anapunguza. Gogo la mpingo liko mbele yake na kila pigo la tezo linaondoa kitu ambacho hakitarudi. Mpingo wenyewe si mti wa mchezo. Unachukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, kiini chake ni kizito hata kikitupwa majini kinazama, na unamaliza makali ya chuma haraka. Huko Ulaya wanautengenezea klarineti na obo kwa sababu hiyohiyo ya ugumu. Gogo lake mara chache huwa limenyooka. Lina kibiongo, lina shimo, lina ufa uliojificha. Mchongaji anakaa nalo kwanza, analigeuza, anauliza kibiongo hiki kitakuwa mgongo wa nani.

Kuna habari inayosimuliwa sana juu ya Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde aliyefanya kazi Dar es Salaam. Inasemekana alikuwa akichonga umbo la kawaida la binadamu, mkono ukavunjika. Badala ya kulitupa gogo, akaendelea nalo hivyohivyo hadi likawa kiumbe kisicho mtu, wale wa porini ambao Wamakonde huwaita nnandenga. Mfanyabiashara akakipenda, akaagiza vingine. Ndiyo mwanzo unaotajwa wa vinyago vya shetani. Hata kama simulizi imepambwa njiani, inaeleza ukweli wa kazi yenyewe: kwenye mti, kosa halifutwi. Unaligeuza kuwa kitu au unapoteza gogo.

Nilimwambia mpwa wangu: hapa una masomo mawili kabisa. Mtoto anayetazama picha ya Tingatinga anajifunza kwamba dunia inaweza kujengwa safu kwa safu, na kwamba kukosea si mwisho. Anayetazama kinyago anajifunza kwamba kitu tayari kimo ndani ya kitu, na kazi ni kukiona kabla ya kupiga. Sijui ni lipi analihitaji mtoto wa darasa la nne. Nadhani mtu mzima analihitaji la pili zaidi.

Picha inajua nini

Chui wa Tingatinga hafanani na chui wa kwenye kitabu cha sayansi. Mwili umegeukia upande, lakini macho yote mawili yanakutazama wewe. Anajaza ubao hadi mkia unabanwa kwenye kona. Hakuna mbali wala karibu. Kilicho muhimu ni kikubwa. Mwambie mtoto wa miaka sita achore mama yake na nyumba, utaona mama ameishinda nyumba kimo. Ni hesabu ileile.

Nilichokuja kukielewa baada ya miaka ni kwamba hii ni picha ya mtu anayekumbuka. Edward alichora akiwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam haina chui. Mnyama aliyesimama mbele yako ana kivuli, ana majani yaliyomziba mguu. Mnyama uliyemhadithia wenzako ana macho na madoa, basi, kwa kuwa ndivyo vilivyobaki kichwani. Kamera inakuambia kilichokuwepo. Picha ya namna hii inakuambia kilichobaki.

Alichora kwa miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa wachache, akina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, na hao wakawafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika. Mafunzo yao ni ya kunakili: unachora alichochora mwalimu mpaka mkono ukae. Wapo wanaoudharau mtindo huo wa kufundisha. Mimi nimejifunza kusoma Kurani kwa mtindo huohuo, sioni ubaya.

Ubaya uko kwingine. Twiga watatu, nyuma Mlima Kilimanjaro, jua linazama. Picha hiyo imechorwa mara nyingi mpaka haimfunzi mtu kitu, hata aliyeichora. Ukienda kununua, ipite. Tafuta zile zenye watu: wodi ya hospitali yenye foleni, mganga na wateja wake, soko la samaki, harusi, ngano ya sungura. Hizo mchoraji hawezi kuzichora usingizini, kwani lazima aamue nani anasimama wapi na nani anamtazama nani. Mimi nina moja ya zahanati ambayo muuguzi ni mkubwa kuliko daktari. Nilipomwonyesha dada yangu, ambaye ni muuguzi, alicheka hadi akakaa chini.

Kinyago kinajua nini

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo nilipobadilishwa mawazo.

Kabla ya mpingo na kabla ya maduka, Wamakonde walichonga vinyago vya mapiko. Hivi huchongwa kwenye mti mwepesi, kwa sababu huvaliwa kichwani na mtu anacheza navyo. Usoni zilichorwa chale za Kimakonde, na vya sura ya kike viliwekwa ndonya kwenye mdomo wa juu. Lipiko akitoka, wanawake na watoto hukimbia huku wakipiga kelele. Kwao yule si jirani, ni kitu kilichotoka kwa wafu. Mvulana anayekwenda jandoni ndipo hufunuliwa: chini ya kinyago kuna mwanamume, na anamjua. Pengine ni yule aliyemkopesha jembe juzi.

Sote tunaijua methali, kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Tunaitumia kwa dharau, tukimsema mtu tuliyempandisha cheo naye akaanza kutuvimbia. Lakini ifikirie ikiwa jandoni. Kijana hakuambiwa kwa maneno kwamba hofu nyingine za dunia zimetengenezwa na watu. Amekimbia hofu hiyo utoto wake wote, kisha siku moja akaona shingo ya binadamu chini yake. Na baada ya kujua, haruhusiwi kusema. Anajiunga na wanaoitunza siri, na mwakani atawatisha wadogo zake. Niambie ni kitabu gani cha uraia kinachofundisha jambo hilo zima, pamoja na upande wake usiopendeza.

Mapiko pia walichongwa wakiwa na sura za watu wa nje: askari, mkoloni, mfanyabiashara. Wageni waliokuja kuwaandika Wamakonde madaftarini hawakujua kwamba nao wanaandikwa kwenye mti na kuchezwa ngomani.

Sasa njoo kwenye vinyago vya mpingo. Vya shetani havitishi kama jina lilivyo. Vingi vinachekesha. Kiumbe kina mdomo tumboni, kimeshika ziwa la mwenzake, kina kidole kimoja cha mguu kama kwato. Mtu aliyelelewa msikitini au kanisani anaposikia neno shetani anapata taabu kuviweka sebuleni, nami nilipata. Baba yangu aliwahi kugeuza kimoja kikatazama ukuta. Lakini viumbe hivi si Ibilisi wa vitabu. Ni majirani wabaya wa porini, wenye njaa, wivu na matani, na mchongaji akiwachonga anauliza swali la zamani: kisichoonekana kikionekana kitafanana na nini? Jibu lake siku zote ni kwamba kitafanana na sisi, ila kimevurugwa.

Vya ujamaa ndivyo ninavyopenda mpwa wangu anunue. Ni gogo moja, wima, limejaa watu walioshikana, waliobebana, mmoja anapanda mgongo wa mwingine hadi juu ambako mara nyingi yupo mama au bibi. Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi. Inasemekana kazi yake ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake, na Wamakonde waliita mtindo huo dimoongo, nguvu. Jina la ujamaa lilikuja na siasa za baada ya Azimio la Arusha la 1967. Siasa zimepita, jina limebaki kwenye vinyago kuliko lilivyobaki vijijini.

Si bure kwamba mama ndiye aliye juu. Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake. (Nilimkumbusha mpwa wangu hili. Alinijibu kwamba sisi si Wamakonde.) Nguzo ile ni ukoo uliochorwa na mtu ambaye hakuhitaji mchoro wa matawi wenye mistari na majina. Umeshikwa na nani, umemkanyaga nani, nani akiondoka wote mnaanguka. Ukikata mmoja umekata gogo.

Na hakionekani chote kwa pamoja. Picha ukiiona umeiona. Utarudi kuifurahia, lakini iko yote mbele yako. Kinyago cha ujamaa kina upande wa nyuma. Mimi na mke wangu tumekuwa na kimoja chenye kimo cha mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole, na hatujakubaliana kina watu wangapi. Mimi nasema kumi na wanne. Yeye kumi na watano, anasema kuna mtoto nyuma ya goti la yule mwenye mtungi. Mimi naona ni fundo la mti. Tumeshatumia tochi.

Aliyetembea pande zote mbili

Kwa wanaodhani ni lazima uchague kambi, yupo George Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005. Mmakonde, alianza na kuchonga. Alipofika Dar es Salaam miaka ya 1970 alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kisha akaingia ndani kama msanii. Aliwachukua wale mashetani kutoka kwenye mti akawaweka kwenye rangi: wenye masikio makubwa na matumbo, wanakula, wanagombana, wanapanga foleni. Hakuwa mwanafunzi wa Tingatinga, ila mtu mwenye macho anaona rangi zile zimepita wapi. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Ukiweza kuiona moja, hata kwenye kioo cha simu, itazame kisha utazame kinyago cha shetani. Utaona rangi imempa kiumbe wenzake na ucheshi, na imemnyang'anya uzito.

Mkononi mwa muuzaji

Nilisema nilitapeliwa. Kilikuwa kinyago cheusi ti, kinang'aa, bei nzuri. Baada ya miezi mitatu mtoto alikimwagia maji, tukakifuta, kitambaa kikatoka cheusi. Mti wa kawaida uliopakwa kiwi ya viatu. Tangu siku hiyo nafanya hivi: kwanza nakinyanyua, maana mpingo unakushangaza uzito kuliko macho yalivyotegemea. Kisha nakipindua nikwaruze kitako kidogo kwa ukucha au funguo. Nikiona weupe chini ya weusi, narudisha. Usichanganye na weupe wa ganda la nje la mpingo wenyewe, ule wa rangi ya maziwa unaozunguka kiini. Mchongaji mzuri mara nyingine huuacha makusudi, na ukiuona ni dalili njema. Nyumbani usikiweke juani wala karibu na jiko, hupasuka.

Kwa anayetaka kusafiri nacho nje ya nchi: jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kitu kidogo cha binafsi kwa kawaida hakina shida, kuna msamaha hadi kilo kumi za mti kwa mzigo, lakini ukibeba vikubwa uliza kabla ya kufika uwanjani. Na hata asiyesafiri ajue amenunua nini. Mti uliosimama miaka sabini umeishia kwenye meza yako. Hiyo ni sababu ya kununua kimoja kizuri badala ya vifaru sita vya kuwagawia wageni.

Picha ina taabu ndogo. Siku hizi nyingi zimechorwa kwenye kitambaa, zinakunjwa, zinaingia kwenye begi. Angalia sahihi, muulize muuzaji kama mchoraji yupo hapo, mara nyingi yupo hatua tano kutoka ulipo, na mtu akiongea juu ya picha yake unajifunza zaidi ya bei. Ukiuziwa picha ya Edward Tingatinga mwenyewe kwa bei ya soko, jua kwamba marehemu bado anachorewa.

Wasomaji wa Kenya wataniuliza kuhusu vinyago vya Wakamba. Sivijui vya kutosha kuvilinganisha kwa haki. Nijuacho ni kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu anatajwa kuwa aliupata ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaurudisha kwao, na Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji. Kwa hiyo hata huko uzi unarudi upande wetu kidogo.

Je, kanga?

Dada yangu, mama yake mwalimu, aliposikia mjadala aliuliza kwa nini tunazungukazunguka. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Picha na maneno kwa pamoja, na kila mtoto darasani anayo nyumbani. Ana hoja. Kanga inafundisha jambo ambalo vile viwili haviwezi: kwamba ujumbe unaweza kuvaliwa mbele ya mlengwa bila kumtaja, na mlengwa akaupata. Ni elimu ya kuishi uani. Lakini kanga inachapishwa kiwandani kwa maelfu, huoni mkono wa mtu, na mwalimu alitaka watoto waone mkono. Nikaiweka kando, kwa adabu.

Basi achukue kipi

Kwa mtu mwenye nyumba, anayerudi jioni amechoka, anayetaka kitu cha kumpa furaha kila anapoingia mlangoni: picha. Usijilazimishe kuwa mzito. Yenye watu, si ya twiga.

Kwa anayetaka kujifunza kutengeneza kwa mkono wake, picha tena. Ubao, kopo mbili tatu za rangi na subira vinatosha. Mpingo unataka vyuma, mwalimu na miaka. Ila ukiwa na watoto na unataka waonje kupunguza, wape kipande cha sabuni ya mche na kijiko. Wachonge kuku. Watavunja shingo yake, na hapo ndipo somo la Samaki Likankoa linaanza. Mabaki mnafulia.

Kwa mtu mzima anayetaka kitu kimoja cha kukaa nacho miaka ishirini na kuendelea kukuta kitu ndani yake, nasema kinyago cha ujamaa, kidogo, cha mpingo wa kweli, kilichochongwa hata mgongoni. Wachongaji wavivu huacha mgongo. Ukikuta mgongo una watu, nunua.

Na kwa darasa? Nilimwandikia kinyago. Nilikuwa na uhakika. Wakishike, wakizungushe, wahesabu watu, wabishane kama tunavyobishana sisi.

Akanijibu kwa ujumbe mrefu wenye akili kuliko wangu. Ana watoto sitini na wawili. Kinyago cha bei anayoiweza kina kimo cha chupa ya soda. Aliyekaa dawati la nyuma ataona kijiti cheusi. Kikizungushwa, kitachukua vipindi viwili kufika nyuma, na kikimwangukia mtoto mguuni ataitwa ofisini. Darasa halina kufuli. Picha ya zahanati, au ya soko, wote wanaiona wakiwa wamekaa, na asubuhi ya Jumatatu anaweza kuuliza swali moja tu, yule mama mwenye kitambaa chekundu anamtazama nani, akapata majibu hadi kengele ilie.

Amenunua picha. Ni ya stendi ya mabasi. Kuna kondakta mkubwa kuliko basi lake.

Kinyago ameniomba cha kwangu kwa muhula mmoja, kwa ajili ya wale kumi wa klabu ya sanaa wanaobaki baada ya masomo. Mke wangu alikubali kwa sharti kwamba wahesabu wote kumi na majibu yaandikwe. Kimepanda basi la Morogoro kikiwa kimefungwa kwenye kanga ya dada yangu, na tunakisubiri mwezi wa sita.